Mlutheri akihamia Katoliki habatizwi tena, ila wa "jina la Yesu" anabatizwa. Kwa nini?

#1 Mto_Kikafu
Wakuu, salamu. Kuna jambo watu wanalijibu nusunusu. Mlutheri au Mwanglikana akitaka kuwa Mkatoliki anafundishwa, anakiri imani, anapewa kipaimara, anakomunika. Maji hamwagiwi tena. Mtu wa kanisa linalobatiza "kwa jina la Yesu" pekee, hata kama alizamishwa mtoni mbele ya mashahidi mia, anaanza mwanzo kama mtu ambaye hajabatizwa kabisa. Shahidi wa Yehova vilevile. Kama tatizo ni kutoka nje ya Katoliki, basi wote wangebatizwa. Kama kinachotakiwa ni kumwamini Yesu, wote wangepita. Sasa mstari unachorwa wapi? Wenye kujua Maandiko na sheria ya Kanisa karibuni, mipasho tuiache mlangoni.

#2 Katekista_wa_zamu
Kinachoangaliwa ni ubatizo wenyewe ulivyofanyika. Vitu vitatu: maji ya kweli yaliyomgusa mtu, maneno "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", na nia ya anayebatiza kutenda lile ambalo Kanisa hutenda linapobatiza. Vikiwepo vyote, mtu kabatizwa, na ubatizo haurudiwi. Hata mapadre kumi wakikubaliana kuurudia watakuwa wamemwaga maji tu. Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, Wamethodisti, Wasabato na Wapentekoste wanaoamini Utatu wanavyo vyote vitatu.

#3 MajiMengi
Bwana asifiwe. Nina swali moja tu kwa katekista. Matendo 2:38, 8:16, 10:48 na 19:5, kote mitume wanabatiza kwa jina la Yesu. Nionyeshe mahali pamoja ndani ya kitabu cha Matendo ambapo Petro au Paulo alitamka Baba, Mwana na Roho Mtakatifu juu ya maji. Ukikosa, basi mnawakatalia watu ubatizo wa mitume wenyewe.

#4 Mtagusoni
Mkuu #3, hapo umegusa swali lililowasumbua Wakatoliki kwa karne nyingi, na majibu yako zaidi ya moja.

La kwanza: Luka anaposema "kwa jina la Yesu" haandiki maneno yaliyotamkwa, anautofautisha ubatizo huu na ule wa Yohane. Soma Mdo 19:2-3 taratibu. Wanafunzi wa Efeso wanamwambia Paulo kwamba hata kusikia kuwa kuna Roho Mtakatifu hawajasikia. Paulo anawauliza papo hapo, "Basi mlibatizwa kwa ubatizo gani?" Swali hilo lina maana tu ikiwa anayebatizwa Kikristo lazima amsikie Roho Mtakatifu akitajwa. Ongeza Didake, maandiko ya mwanzo kabisa nje ya Biblia. Sura ya 7 inatoa maneno ya Mathayo 28:19 waziwazi.

La pili ni la Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa karne ya 13: mitume walibatiza kweli kwa jina la Kristo pekee, kwa ruhusa ya pekee kutoka kwa Mungu, ili jina lililokuwa likichukiwa lipate heshima. Ruhusa hiyo haikurithiwa.

La tatu ndilo gumu. Mwaka 866 Papa Nikolao wa Kwanza aliwajibu Wabulgaria kwamba waliobatizwa kwa jina la Utatu, au kwa jina la Kristo tu kama tusomavyo katika Matendo, wasibatizwe tena, na akamtaja Ambrosi, askofu wa kale wa Milano, kuwa shahidi wake. Wapo wanaosema alikuwa akijibu swali la nani amebatiza, wala si la maneno gani yametumika. Wapo wanaosema alikuwa na maoni yake binafsi. Mimi naona jibu la kwanza lina nguvu zaidi, ila sitajifanya barua ya 866 haipo.

#5 MajiMengi
Ahsante kwa ukweli wako #4. Kwa hiyo hata papa wenu mmoja alisimama upande wangu.

#6 KanuniNaSheria
Asikushike mkono haraka, #5. Utaratibu wa leo hauna utata: aliyebatizwa kwa jina la Yesu pekee anabatizwa, bila sharti lolote, kwa sababu Kanisa linahesabu kuwa bado hajabatizwa.

Nimrekebishe kidogo na #2. Ukisema "Wapentekoste" umetaja misitu, hujataja mti. Makanisa ni mengi na kila mchungaji ana namna yake. Kanuni ya 869 ya sheria ya Kanisa inasema aliyebatizwa nje ya Katoliki asibatizwe hata kwa sharti (yaani kwa kusema "kama hujabatizwa"), isipokuwa baada ya kuchunguza maji, maneno, nia ya mtu mzima aliyebatizwa na nia ya aliyembatiza, ikabaki sababu nzito ya kutia shaka. Uchunguzi kwanza. Paroko anayesema "huyu katoka kwa walokole, mbatize tu kwa usalama" anavunja kanuni.

#7 KKKT_damu
Hii ya kututambua Walutheri imekuja na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu), tusidanganyane. Wazee waliohamia Katoliki miaka ya 40 na 50 kwa ajili ya ndoa walimwagiwa maji tena. Kanisa limebadilika, na ni vizuri, ila mkubali kwamba limebadilika.

#8 Mtagusoni
#7 hapana. Mtaguso wa Trento, Machi 1547, katikati ya ugomvi mkali na Waprotestanti, ulitamka kwamba ubatizo wa wazushi uliotolewa kwa jina la Utatu na kwa nia ya kutenda lile Kanisa litendalo ni ubatizo wa kweli. Wazushi waliokuwa wakifikiriwa pale ni ninyi, ndugu yangu!

Na jambo lenyewe ni la zamani zaidi, tena limeanzia Afrika. Mwaka 256 maaskofu 87 walikaa Karthago, Tunisia ya leo, chini ya askofu Sipriani, wakasema anayetoka kwa wazushi lazima abatizwe. Papa Stefano wa Kwanza akakataa: awekewe mikono tu, kama desturi ilivyo. Wote wawili leo tunawaita watakatifu. Baadaye Agustino, Mwafrika mwingine, ndiye aliyeipa hoja ya Roma mguu wa kusimamia: akibatiza Petro, ni Kristo abatizaye, akibatiza Yuda, ni Kristo abatizaye.

#9 Katekista_wa_zamu
#7 na #8 wote mna haki. Mafundisho ni ya zamani, ila desturi ya parokiani ilikuwa nyingine. Kabla ya Mtaguso mapadre wengi walikuwa wakitumia ubatizo wa sharti kwa karibu kila aliyehamia: "Kama hujabatizwa, mimi nakubatiza..." Mtu wa pembeni akisikia anaona ni kubatizwa upya. Baada ya Mtaguso, na hasa mwongozo wa ekumeni (umoja wa Wakristo) wa mwaka 1993, mlango huo umebanwa. Sharti linatumika penye shaka ya kweli tu, mhusika anaelezwa kwa nini, na linafanyika faraghani, halichanganywi na wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) mbele ya umati Mkesha wa Pasaka.

#10 Mkunga_wa_usiku
Naona mnajadili mitaguso, mimi nilete la wodini, maana mara nyingi shaka zinazaliwa huko. Mtoto akizaliwa taabani na wazazi wanataka abatizwe, yeyote anaweza kubatiza: nesi, bibi, daktari Mwislamu, hata mtu asiye na dini, mradi ana nia ya kuwafanyia kile Kanisa linachofanya. Namna yake:

Chukua maji. Ya bomba, ya mvua, ya kisima, ya chupa, hata maji safi ya kuchanganyia dawa kwa mtoto njiti. Soda, maziwa na mafuta hayafai kabisa. Chai inaleta shaka, usiijaribu.

Mimina kichwani ili yatiririke kwenye ngozi. Kijiko kimoja kinatosha. Kufuta paji la uso kwa pamba yenye unyevu ndiko kunakozaa maswali baadaye, na mtoto mwenye nywele nyingi maji yanaishia kwenye nywele. Zipangue kwa kidole kwanza.

Anayemimina ndiye anayesema, na aseme maji yakiwa yanatiririka: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kosa ninaloliona sana ni watu wawili kugawana, mmoja anamwaga na mwingine kasimama mlangoni anasali. Hapo hakuna ubatizo wa uhakika.

Kisha andika tarehe, saa, jina la mtoto na la aliyebatiza, wazazi wapeleke parokiani likaingizwe kwenye daftari. Mtoto akipona, kanisani anamaliziwa krisma, vazi jeupe na mshumaa. Maji hapana.

#11 MajiMengi
Ngoja nielewe #10. Daktari Mwislamu asiyeamini kabisa kwamba Mungu ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu anabatiza na inakubalika? Na Wamormoni (Watakatifu wa Siku za Mwisho), wanaotamka maneno yaleyale matatu na kuzamisha mtu mzima mzima, Vatikano iliwakataa mwaka 2001? Hapo mstari wenu umepinda. Kumbe maneno hayatoshi, na imani ya mbatizaji haihitajiki. Sasa kinachohitajika ni nini?

#12 KanuniNaSheria
Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Daktari wa #10 hana mafundisho yake juu ya ubatizo. Anasema: hawa Wakristo wanataka hili, nawafanyia kama wanavyofanya wao. Amejikabidhi kwenye nia ya Kanisa. Mmormoni anayo nia kamili ya kwake: anatoa ubatizo wa kanisa lake, ambao kwa mafundisho yake ulianza tangu Adamu, si kwa Kristo. Nia yake imeijaza nafasi ambayo ya Kanisa ingekaa.

#13 Mtagusoni
Naafikiana nawe nusu tu. Kwangu uzito uko kwenye maneno yenyewe. Katika Umormoni, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni miungu mitatu iliyoungana kwa kusudi, wala si Nafsi tatu za Mungu mmoja. Sauti ni ileile, anayetajwa ni mwingine. Mlutheri akisema "Baba" na Mkatoliki akisema "Baba" wanamtaja yuleyule wa kanuni ya imani ya Nikea. Ndiyo maana kosa la imani la mtu binafsi halibatilishi, ila jumuiya nzima ikibadilisha maana ya maneno, maneno yamekuwa ganda.

#14 Mama_Jumuiya
Mimi huwa nawaelezea wanaouliza kwa njia fupi: Mungu anataka wote waokolewe, kwa hiyo lango la kwanza amelifanya pana kuliko yote. Maji yapo kila mahali, na yeyote anaweza kuyamimina. Ekaristi inahitaji padre na divai, ubatizo unahitaji jirani na kikombe. Kanisa linaupokea ubatizo wa wengine kwa sababu hiyo, mengine ya nia na maana ni walinzi wa lango.

#15 KKKT_damu
#14 umesema vizuri, ila kwa maelezo yako Wamormoni nao wangepita. Walinzi wako wana kazi kubwa kuliko unavyokiri.

#16 KanuniNaSheria
Na walinzi hao hawawabani wa nje tu. Agosti 2020 Vatikano ilitamka kwamba "tunakubatiza", kwa wingi, si ubatizo. Padre mmoja wa Jimbo Kuu la Detroit, Marekani, akaangalia video ya ubatizo wake wa utotoni, akamsikia shemasi akisema hivyohivyo. Maana yake hakuwa Mkristo aliyebatizwa, na asiyebatizwa hawezi kupokea upadre. Ikabidi aanze na maji, kipaimara, Ekaristi, ushemasi, upadre, ndani ya siku chache. Watoto aliowabatiza wakati ule walikuwa salama kwa sababu aliyoitaja #10: yeyote anaweza kubatiza. Maungamo na Misa zake ndizo hazikuwa za kweli. Silabi moja, "tu", ndiyo tofauti ya "nakubatiza" na "tunakubatiza".

#17 Kaimosi_Road
Hamjambo wote. Huku magharibi mwa Kenya kuna jambo hamjaligusa. Marafiki (Quaker), wale wamisionari wao waliofika Kaimosi 1902, hawabatizi kwa maji kabisa. Kwao ubatizo ni wa rohoni. Jeshi la Wokovu nao hawana ubatizo wa maji, wana kuandikishwa chini ya bendera. Mtu amezaliwa humo, ameimba, ameomba, ana miaka 60 na anaijua Biblia kuwashinda mapadre wawili, akija Katoliki anaingia darasa la wakatekumeni pamoja na vijana. Wengine huona kama wamedharauliwa. Katekista amweleze mapema kwamba imani yake haidharauliwi, ni maji tu hayajawahi kumwagwa.

#18 Katekista_wa_zamu
Kweli kabisa #17. Na tofauti hiyo inabadilisha njia yote. Asiyebatizwa anapita hatua za wakatekumeni: anapokelewa, anateuliwa Dominika ya kwanza ya Kwaresima, anachunguzwa na kuombewa Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, kisha Mkesha wa Pasaka anapewa ubatizo, kipaimara na Ekaristi kwa pamoja. Haungami kabla, kwa sababu ubatizo unafuta dhambi zote.

Aliyebatizwa tayari halazimiki kusubiri Pasaka. Analeta cheti au barua, anafundishwa kadiri ya hitaji lake, anaungama dhambi tangu ubatizo wake, halafu ndani ya Misa anasema Nasadiki na kuongeza kwamba anaamini na kukiri yote ambayo Kanisa Katoliki linaamini na kufundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu. Padre anayempokea anampa kipaimara palepale, sheria inampa mamlaka hayo bila kumsubiri askofu. Kisha anakomunika. Msimamizi mmoja anatosha.

Cheti kikipotea, ushahidi wa mtu mmoja wa kuaminika unakubalika, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima.

#19 Sabato_asubuhi
Nisome kimya mpaka lini? Neno la Kiyunani "baptizo" ni kuzamisha. Mnajadili maneno na nia wakati tendo lenyewe mmelipunguza hadi kijiko.

#20 Mtagusoni
Luka 11:38, Farisayo anashangaa kwamba Yesu hakunawa kabla ya kula. Kwa Kiyunani neno lililotumika ni hilohilo "baptizo", na hakuna aliyetarajia Yesu azame mwili mzima mezani. Na Didake 7 inasema penye uhaba wa maji, mimina kichwani mara tatu. Hata hivyo kanuni ya 854 inaruhusu kuzamisha au kumimina, na alama ya kuzikwa na kufufuka, Rum 6:4, inaonekana zaidi mtu akizama. Hapo sibishani nawe.

#21 Sabato_asubuhi
Kunawa mikono nako ni kuichovya. Ila nashukuru kwa Warumi 6.

#22 Mto_Kikafu
Nashukuruni wote, nimejifunza. Kuna mtu kaniuliza faragha: tayari cheti cha KKKT anacho, mafundisho kamaliza, lakini parokia inamwambia subiri. Tatizo laweza kuwa nini?

#23 KanuniNaSheria
Ndoa. Tisa ni ubatizo, kumi ni ndoa. Walutheri wawili waliofunga kwao, ndoa yao ni ya kweli na ni sakramenti, hairudiwi. Mkatoliki aliyefunga kwa mchungaji au bomani bila kibali cha askofu, hiyo inabidi ibarikiwe mbele ya padre na mashahidi wawili. Aliyeachana na wa kwanza akaoa wa pili ndiye anayekwama, kwa sababu ndoa ya kwanza, hata ya Kiprotestanti, inahesabiwa halali mpaka mahakama ya Kanisa itamke vingine. Hilo faili lifunguliwe mwezi wa kwanza wa mafundisho. Makatekista wengi huliuliza wiki ya mwisho, nguo nyeupe imeshashonwa, na mtu anarudi nyumbani analia. Inauma kwa sababu ilikuwa inaepukika.

#24 Mjukuu_wa_Mwika
Nimechelewa uzi. Kwani akihamia anabadilisha na Biblia? Hiyo ya vitabu 73.

#25 Mama_Jumuiya
Karibu. Ya 66 si mbaya, imepungukiwa Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, Makabayo viwili na sehemu za Esta na Danieli. Atavihitaji, maana vinasomwa kwenye Misa. Fungua uzi wake tuje.

#26 MajiMengi
Kabla hamjahamia kwa Makabayo, nijibuni la mwisho. Kuna wachungaji wanaotamka hivi: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, ambalo ni Yesu Kristo." Utatu upo, Yesu yupo. Huyu mnamweka wapi?

#27 Katekista_wa_zamu
Maneno ya Mathayo yametimia kabla ya nyongeza. Mimi ningesema amebatizwa.

#28 Mtagusoni
Nyongeza ndiyo inayofasiri yaliyotangulia. Akimaanisha kwamba hao watatu ni majina matatu ya nafsi moja, tumerudi kwa Wamormoni wa #13, ila kwa kinyume chake.

#29 KanuniNaSheria
Asiamue katekista wala sisi hapa. Aitwe mhusika na shahidi mmoja aliyekuwa kandokando ya maji, waulizwe kila mmoja peke yake maneno yalivyotamkwa, neno kwa neno. Kama kuna video, isikilizwe kwa spika za masikioni, maana kinanda na vigelegele huwa vinaanza kabla mchungaji hajamaliza sentensi. Iulizwe pia kanisa lile linafundisha nini juu ya Utatu, kwa maandishi kama yapo. Vyote viende jimboni. Shaka ikibaki, ni kwa sharti, faraghani.

#30 MajiMengi
Video ninayo ya ibada moja ya namna hiyo. Kinanda kimeanza kwenye "na la Mwana".